Hadithi Alizosoma Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, maana kila jioni, akishamaliza kutengeneza mafriji ya watu na kunawa grisi mikononi, alikaa kando ya cherehani ya mkewe akaanza kusoma kwa sauti. Mkewe, ambaye wateja walimwita Fundi tu, alishona huku akisikiliza. Miaka nenda miaka rudi, mguu wake ulifuata sauti ya mumewe: mambo yakichacha hadithini, cherehani ilikimbia, wapenzi wakikutana, ilitembea taratibu. Kusoma naye alijua vizuri. Ila hakuona sababu ya kuyasumbua macho wakati mdomo upo.

Halafu mdomo ukanyamaza. Kifua kilimbana Redio kwa wiki chache, akaenda zake.

Waombolezaji walipotawanyika, Fundi alirudi kazini, lakini kazi ikamkataa. Mguu haukujua uende vipi. Alimshonea mteja mmoja blauzi, mkono mmoja ukatazama nyuma.

"Fundi," mteja aliuliza, "huu mkono ni wangu au wa jirani?"

Walicheka wote wawili. Kisha Fundi akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akalia kimyakimya, mita ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alijaribu kuwasha redio ya kweli. Watu wa mle walizungumza na kila mtu, kwa hiyo hawakuzungumza naye.

Mchana mmoja akapiga moyo konde, akachukua riwaya ambayo mumewe aliiachia katikati. Ilimhusu mkata tiketi wa treni na binti yake mcheshi, ambaye wiki ya mwisho ya Redio alikuwa amepata kazi na mchumba mwenye kigugumizi. Fundi akafungua palipokunjwa, akasoma. Hakuelewa kitu. Kila mtu kwenye ukurasa ule alimtaja yule binti kama marehemu.

Akadhani kiwanda cha uchapaji kimechanganya kurasa. Akarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, hadi karibu na mwanzo. Hapo akamkuta binti amelala kwenye benchi la hospitali, homa kali, na mama yake anamvua viatu taratibu kana kwamba anaogopa kumwamsha. Sura iliyofuata ilikuwa ya mazishi.

Kazi, mchumba, kigugumizi, vyote Redio alivitoa kichwani mwake, macho yakiwa kitabuni, bila hata kukohoa.

Fundi alifunika kitabu. Binti yao wa pekee aliwatoka hivyohivyo, kwa homa, kabla hajaanza shule. Kwanza alisikia joto kifuani, kama amekumbatiwa. Punde si punde hasira zikampanda. Alifichwa! Alifichwa kama mtoto anayewekewa dawa ndani ya juisi. Akashusha vitabu vingine rafuni, akakuta wazee waliokwisha kufa, ndoa zilizovunjika, meli zilizozama na watu wote. Rafu aliyodhani anaijua ikawa imejaa wageni.

Jumamosi wifi yake, dada wa Redio, alikuja kumjulia hali.

"Wifi, kaka yako alikuwa muongo," Fundi alimwambia, hata salamu hazijaisha.

"Mtu yuko kaburini bado mnamsema! Kafanya nini?"

Fundi akamweleza. Wifi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja.

"Kumbe hakuacha! Tulipokuwa wadogo alinisomea mimi. Mama yetu alikuwa hoi chumba cha pili, mlango wazi, anasikiliza. Basi kwenye vitabu vya kaka hakufa mtu, hata kuku. Nilipofika sekondari nikabishana na mwalimu kwamba shujaa hakuuawa. Nilichekwa mwaka mzima!"

Fundi akaviringisha mita kidoleni. "Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yangu."

"Ilianza kwa ajili ya mama," wifi alisema, sasa kwa upole. "Kwako, mimi sijui. Mlikuwa wawili tu humu ndani."

Wifi alipoondoka, Fundi hakujua afurahi au aone wivu.

Siku zilizofuata alianza riwaya ile upya. Aligundua hawezi kushona na kusoma kwa pamoja, ikabidi cherehani isimame. Mwanzoni aliona aibu kukaa mikono ikiwa haina kazi, akawa anaweka kitambaa mapajani ili mpita njia asimwite mvivu. Alipofika kwenye lile benchi la hospitali hakuruka. Alisoma mara mbili, akamlilia binti wa watu na wake pia.

Kitabu kilikuwa kizuri. Pengine kilimshinda Redio, pengine Redio alikishinda. Yule mwenye kigugumizi, kwa mfano, hakuwemo kabisa, na Fundi alimkumbuka. Alipomaliza ukurasa wa mwisho akashika simu ampigie wifi, akairudisha mezani. Kile cha dukani, wengi walikuwa wamekisoma. Kile cha Redio alikijua yeye peke yake duniani, na hakikuwa na mwisho. Alijaribu kuutunga, ampeleke binti kwenye harusi yake. Akamfikisha mlangoni mwa ukumbi, maneno yakamwishia.

Akavuta kitabu kingine.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi, akamkuta ameinama.

"Hodi, Fundi."

"Karibu. Ngoja nimalize ukurasa."

Mteja akangoja, akahamisha mkoba bega hili hadi lile. Mwishowe akasema atapita kesho. Fundi hakumsikia.