Kozi ya Usonji Nyuma ya Ghala

Tangu warudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka Mtwara, walikokimbilia wakati wa vita, Mastura na kaka yake Mshamu walikuwa wakiuza vitambaa katika duka dogo karibu na soko. Mshamu alizungumza na wateja, Mastura alikata na kupanga. Kule Mtwara daktari alimwambia Mastura kwamba ana usonji, na kwamba alizaliwa nao. Alikuwa mtu mzima, keshaolewa na kuachika, na hakuna aliyewahi kuipa hali yake jina. Basi alipoona kwenye simu tangazo la kozi ya bure ya usonji, kwa Kireno, kwa ajili ya walimu na wauguzi, akajiandikisha. Alitaka kujua watu wanasema nini juu yake wanapodhani hayupo.

Dukani mtandao, au rede kama wanavyouita Palma, ulisumbua. Rede nzuri ilipatikana nyuma ya ghala la saruji, kwenye barabara ya Afungi, wanakopita wafanyakazi wa kandarasi ya gesi. Kila alasiri Mastura alikaa pale juu ya tofali, kaziba sikio moja kwa kiganja kwa sababu ya kelele za magari, akiijibu simu kwa Kireno cha sauti ya chini. Hakumtazama mpita njia yeyote machoni. Katika mji huu, baada ya waasi kuuvamia, hayo yanatosha mtu kushukiwa.

Momade, katibu wa bairro, yaani mtaa, alianza kwa kumwuliza Mshamu. Mshamu akasema dada yake anasomea malezi ya watoto. Kesho yake katibu akamwuliza Mastura mwenyewe, naye akajibu kwamba anasoma juu ya usonji, neno ambalo Momade hakulijua. Majibu mawili kwa swali moja. Momade akaondoka, lakini kuanzia siku ile, kila Mastura alipoinua uso alimkuta mtu kasimama ng'ambo ya barabara, anajifanya anangoja gari.

Mastura naye alikuwa na shaka zake. Kozi ilitaka kamera iwake muda wote, na hakuelezwa picha zinakwenda wapi. Mwalimu, professora Sónia, aliyefundisha kutoka Nampula, alisema "wao" kila alipowataja wenye usonji, kama anayesimulia habari za nchi ambayo hajafika. Na Mshamu je, kwa nini alidanganya? Mastura hakumwuliza. Aliogopa jibu.

Siku moja, somo likiendelea, Momade alikuja na walinzi wawili wa mtaa. Akamwamuru achomoe waya wa masikioni ili wote wasikie. Mastura akatii.

"Watu hawa," ilisema sauti ya Sónia, "hawahisi uchungu wa mwenzao kama tunavyohisi sisi."

Vidole vya Mastura vilikuwa vikisugua pindo la kanga, kama vifanyavyo siku zote akibanwa. Momade akavitazama, kisha akaitazama simu. Mastura akafungua maikrofoni.

"Professora, mimi ni mmoja wao. Na hilo ulilosema si kweli."

Sónia akauliza, kwa upole uliozidi, nani aliyempima, maana anajieleza vizuri mno. Pengine angeweza kutuma cheti cha daktari.

"Sitatuma," alisema Mastura. "Nimekuja kusoma, sikuja kupimwa."

Sónia akashukuru, akaendelea na somo. Sasa Momade akauliza lake: kama ni hivyo, kwa nini kaka mtu alitaja watoto? Mastura akamwambia hajui, labda ni aibu, labda ni woga, akamwulize mwenyewe. Momade akachukua simu, akapekua namba alizopiga. Akamkuta Mshamu na mama mdogo wa Mtwara, basi. Akairudisha, akamwambia kuanzia kesho akakae kwenye baraza ya ofisi ya bairro, rede ipo na kivuli kipo.

Mastura alijaribu kuusoma uso wa katibu, akashindwa.

"Unanisaidia au unanichunga?"

Momade akawaashiria walinzi watangulie.

"Yote mawili," alisema.

Lilikuwa jibu la kwanza wiki ile ambalo halikumtaka abahatishe. Akakubali.

Wakati wa chakula alimwuliza kaka yake. Mshamu akasema hapa mtu asiyeeleweka ndiye anayekamatwa kwanza, ndiyo maana alitafuta neno jepesi.

"Na nilieleweka?" Mastura aliuliza.

Mshamu akamsogezea bakuli la mchuzi.

Baadaye Sónia alimwandikia, akimwomba awasimulie wanafunzi wenzake habari za maisha yake. Mastura akauliza kama ile kauli ya kutohisi uchungu itaondolewa kwenye somo. Sónia akasema atawauliza wakubwa wake. Mastura akajibu kwamba atazungumza wakubwa hao wakishakubali, nao hawakukubali. Alimaliza kozi kamera ikiwa imezimwa, barazani kwa Momade, ambaye siku nyingine alisogeza kiti karibu akasikiliza, asieleze kwa nini.

Mwezi uliofuata mteja kutoka Mbau alimwuliza Mshamu, kwa sauti ya kunong'ona, dada yake ana nini. Mastura alikuwa nyuma ya majora, anasikia.

"Ana usonji," alisema Mshamu, bila kushusha sauti.

Mteja akauliza kama unaambukiza. Mshamu akasema hapana, akaendelea kupima kitambaa. Mastura alimchungulia yule mtu mpaka alipotoka na mzigo wake, na hakuweza kujua kama ameamini.