Jeshi Lisilo na Migongo

Wilf Sugden alikuwa fundi saa maisha yake yote, na ufundi saa ni ugonjwa usioponywa na kustaafu. Mtu aliyezoea kuchungulia tumbo la saa kwa lenzi hawezi tena kukitazama kitu kidogo akakiacha kilivyo. Ndiyo maana, alipojiunga na klabu ya michezo ya vita ya Skelthorpe akanunua askari wake wa kwanza wa kuchezea, wa madini ya risasi, wale wadogo kabisa ambao hata wakivaa kofia hawafikii urefu wa punje ya mchele, aliwapaka macho. Tena na nyusi. Sajini mmoja alipata jino la dhahabu, ingawa hapo ilibidi umwamini Wilf tu, kwa kuwa jino lenyewe hakuna binadamu aliyewahi kuliona.

Matokeo yake yalijulikana na klabu nzima. Miaka ilipita, wenzake wakapaka majeshi mazima, wakayauza, wakapaka mengine, naye Wilf alikuwa na kikosi kimoja tu cha Waingereza wa makoti mekundu, kizuri kuliko pete ya harusi, na masanduku ya viatu yaliyojaa watu wa kijivu waliongoja zamu yao. Kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, alipigana kwa jeshi la kuazima. Na cha kuazima kina adabu yake, hukipeleki mahali kitakapoumia. Basi Wilf alirudi nyuma kabla hajaguswa. Wakamwita Wilf Kinyumenyume, naye akacheka pamoja nao, maana ni mtu mwema, lakini jina lilimchoma.

Aliyemwazima jeshi ni rafiki yake, Desmond Oldroyd, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi nyumba na aliyewapaka askari kama alivyozipaka kuta. Ukimpa Desmond nafasi atakuhubiria. Humpaki mtu, atakuambia, unapaka kikosi. Wabandike askari wako kwa tone la gundi, mstari mmoja juu ya kijiti cha aiskrimu, kisha wapulizie rangi nyeusi wote, kwa sababu weusi ni kibarua asiyedai mshahara: atakufanyia viatu, kofia, bunduki na kivuli cha kwapani, wewe umekaa unakunywa chai. Halafu shika nyekundu, pitisha brashi kifuani na mikononi, mstari mzima bila kuinua kichwa, uende kijiti cha pili, na cha tatu, na ukimaliza cha mwisho cha kwanza kimeshakauka. Nyekundu yenyewe iwe kali kuliko ya kweli, maana mtu mdogo humeza mwanga. Ncha ya brashi yenye nyeupe kwa mikanda ya kifuani. Nukta moja ya rangi ya ngozi kwa uso, basi, usiguse tena, kwa umbali wa mkono hakuna mtu mwenye macho. Bendera iwe kubwa, nyasi za miguuni ziwe safi, na jicho la mtazamaji litajijazia mengine yote lenyewe.

Wilf aliyasikia mahubiri hayo mpaka angeweza kuyaimba. Jibu lake lilikuwa kwamba haraka haraka haina baraka. Desmond naye alimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapo wakaagana, kila mmoja ameshinda.

Lakini kati yao kulikuwa na ahadi ya zamani. Siku moja, kwenye meza kubwa, Wafaransa wa Desmond wenye makoti ya buluu wangekutana na makoti mekundu ya Wilf. Ya Wilf mwenyewe, si ya kuazima. Ahadi hiyo ilizeeka pamoja nao, na hakuna aliyeihofia, kwa kuwa muda ulionekana kuwa mwingi.

Kisha majira ya kuchipua, huku akila pai ya nguruwe na makombo yakimwangukia sharubuni, Desmond akasema ameuza nyumba. Anahamia Kanada kwa binti yake, moja kwa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano ndiyo itakuwa ya kuaga. Alilisema kama mtu anayezungumzia mvua. Wilf akasema ni vizuri, watoto ndio wa kufuatwa siku hizi. Halafu akaendesha gari mpaka nyumbani, akakaa ndani yake mbele ya mlango mpaka mkewe, Glenda, akatoka kuuliza kama ufunguo umekwama.

Akamwambia. Akamwambia pia kile alichokitaka, na alikitaka sana: kabla Desmond hajaondoka, asimame mbele yake mara moja tu na jeshi lake mwenyewe.

Glenda aliwahi kupika chakula cha mchana cha shule nzima kwa sufuria mbili, na hakuona shida iko wapi. Meza ya jikoni ikafunikwa magazeti. Yeye alibandika askari kwenye vijiti, Wilf akapaka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifuata mahubiri ya Desmond neno kwa neno. Siku za mwanzo mkono wake uliasi. Uliona uso, ukataka kuutia macho. Glenda alipomkamata akimchorea koplo sharubu kwa unywele mmoja wa brashi, alichukua lenzi akaificha kwenye kopo la unga, na baada ya hapo kazi ikaenda kama maji mteremko. Nyekundu, kijiti kwa kijiti. Nyeupe. Nyuso. Wilf alishangaa kuona kwamba akiwasogeza mbali kidogo, watu wale wasio na macho walikuwa hai kuliko sajini wake mwenye jino. Alishangaa zaidi kujisikia anapiga mluzi.

Hata hivyo jeshi ni jeshi, na siku zilikuwa chache. Ijumaa ilipofika, vifua vyote vilikuwa vimekwisha, bendera zimepepea, nyasi zimeota. Migongo ilikuwa myeusi ti, toka begani hadi kisiginoni. Hakuna nyekundu, hakuna shanta la mgongoni, hakuna blanketi lililokunjwa. Wilf alikaa kitini akasema ndiyo mwisho, atampigia Desmond simu.

Glenda alikuwa akiosha brashi. “Kesho Desmond atakaa wapi?”

“Ng'ambo ya meza, atakaa wapi tena?”

“Na askari wako watamtazama nani?”

“Watamtazama yeye.”

“Sasa mpenzi, huo mgongo atauulizia nani?”

Ilikuwa ndiyo imani ya Desmond mwenyewe, paka kinachoonekana, ila imefikishwa mahali ambapo hata Desmond asingethubutu. Tatizo lilikuwa moja. Katibu wa klabu, Winifred Crabtree, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa na sheria asiyomlegezea hata mchungaji: askari asiyepakwa rangi hapigani, anarudi sandukuni. Na katika mchezo wao, kikosi kikivunjika moyo, au kikiamriwa kurudi, hugeuzwa kutazama kwao. Kikosi kimoja tu kikigeuka, weusi wote ungemtazama Desmond usoni. Kwa hiyo Wilf Kinyumenyume, kesho yake, asingeweza kurudi nyuma hata hatua moja.

Jumamosi waliwahi kufika wakachagua upande wa meza ulio karibu na ukuta, ili pasipite mtu nyuma. Glenda alisema ni kwa ajili ya mgongo wa Wilf, unapenda joto la bomba la maji moto lililopita ukutani. Hakusema uongo sana. Desmond alipoingia akaona makoti mekundu yamejipanga juu ya kilima cha kitambaa cha kijani, safu kwa safu, alivua kofia yake. Kisha akasema, “Umewaacha bila macho, bwana mkubwa. Nilijua Mungu yupo.”

Wakaanza. Desmond alizijua tabia za rafiki yake, akafanya alivyofanya siku zote: akasogeza mizinga karibu, akamtisha, akasubiri Wilf arudi. Wilf hakurudi. Alisonga mbele. Desmond akatisha upande wa kushoto, Wilf akasonga mbele upande wa kushoto. Watu waliokuwa kwenye meza nyingine walianza kuja kutazama, wamesimama nyuma ya Desmond na vikombe vya chai mkononi. Winifred akauliza kama Wilf anaumwa.

Haumwi, ila roho ilikuwa mkononi. Wahenga husema nyani haoni kundule. Wilf alikuwa akiyaona ya jeshi zima tangu asubuhi. Kikosi chake kimoja kilikwama kwenye ua wa shamba kikapigwa mizinga mpaka ikabidi kirushiwe dadu ya ujasiri. Nne kwenda juu, kinasimama. Chini ya nne, kinageuka. Wilf aliibusu dadu mbele ya watu wote, ndani ya ukumbi wa kanisa. Ikadondoka nne. Glenda, aliyekuwa pembeni na kipande cha keki ya tangawizi, alikipeleka chote mdomoni kwa mara moja.

Na kitu cha ajabu kikaanza kumpata Wilf. Hofu ilipanda mpaka ikafika juu kabisa, ikakosa pa kwenda, ikageuka kuwa furaha. Mambo aliyoyaogopa miaka yote yalikuwa yakitokea, na jeshi lake lilikuwa bado limesimama. Alianza kuona nafasi ambazo hakuwahi kuziona, kwa sababu siku zote zilipofunguka yeye alikuwa ameshaondoka. Akacheka kwa sauti. Desmond akamtazama, akacheka naye, ingawa hakujua wanachekea nini.

Jioni ilipokaribia, Desmond aliinua kikosi chake cha Walinzi, mabuda wa kofia ndefu za manyoya, ambacho Skelthorpe nzima ilijua hakijawahi kukimbia. Akakielekeza kilimani, katikati ya mstari wa Wilf. Hapo jemadari yeyote mwenye akili timamu angewarudisha watu wake nyuma ya kilima wajifiche. Winifred mwenyewe alitikisa kichwa kuashiria hivyo. Wilf akaweka vidole viwili juu ya makoti mekundu, akawashusha mteremko, singe mbele, kuwafuata Walinzi palepale walipo.

Wakarusha dadu. Wilf akapata tano. Dadu ya Desmond ilibiringika ikagonga kijumba cha karatasi, ikatulia. Moja.

Desmond alitazama ile dadu, kisha akainama, akakishika kikosi chake cha Walinzi kwa uangalifu, akakigeuza.

Wilf hakuamini macho yake. Migongo ya wale mabuda ilikuwa imepakwa kama hakuna kesho. Kila shanta lilikuwa na rangi yake ya ngozi iliyochakaa, kila blanketi na mikunjo yake, kila mmoja na kikombe cha bati chenye nukta ya mwanga. Kwa ukubwa ule, kwa mkono wa mtu aliyehubiri kasi maisha yake yote.

“Des,” alisema. “Haya ni nini?”

Desmond aliwatazama kwanza. “Niliwapaka Rita alipokuwa kitandani,” alisema. Rita alikuwa marehemu mkewe. “Nilikaa naye mchana kutwa. Sikuwa na haraka, Wilf. Sikutaka ile rangi ikauke.” Akapangusa sharubu. “Na kwa kuwa hawajawahi kukimbia, hakuna aliyewahi kuwaona. Wewe ndiye wa kwanza.”

Wilf aliona haya, na aliona upendo. Alikuwa ameshinda, hakuna aliyebisha. Angeweza kuwakusanya askari wake sandukuni, nyuso juu, na siri ikabaki na Glenda. Badala yake alinyoosha mkono, akageuza kikosi cha kwanza. Akageuza cha pili. Akaenda hivyo mstari mzima, mpaka Desmond akawa anatazamwa na ukuta wa weusi.

Winifred alivaa miwani. Desmond alizunguka meza, akajibanza kati ya bomba na Wilf, akatazama jeshi lililompiga, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta. “Kumbe hukuwa shujaa,” alisema. “Ulikuwa uchi nyuma!” Na ukumbi mzima ukaangua kicheko, Wilf akicheka kuliko wote, machozi yakimtoka bila kuomba ruhusa.

Sheria ni sheria, Winifred alisema kicheko kilipotulia, na askari wasiopakwa rangi hawashindi vita. Lakini sheria hiyohiyo, akaendelea huku akifungua mkoba wake na kutoa brashi, haisemi wapakwe saa ngapi, na funguo za ukumbi anazo yeye. Watu walikimbilia masanduku yao ya rangi. Kila mmoja akachukua kikosi. Desmond alisimama katikati akiamuru kama msimamizi wa ujenzi: nyekundu kwa mkupuo mmoja, kahawia kwa shanta, kijivu kwa blanketi, usirudie, mpe mwenzako. Chai ikachemshwa tena, mtu akaosha brashi ndani ya kikombe cha Glenda, Glenda akainywa kabla hajaambiwa, akasema si mbaya kuliko ya kawaida ya pale.

Kilipobaki kikosi kimoja, kile kilichoshuka kilimani, Wilf alichovya brashi. Desmond akamshika mkono.

“Hawa waache,” alisema. “Ukiwapaka migongo, watajifunza kukimbia.”

Akakiweka mfukoni mwa shati lake mwenyewe, akaupigapiga mfuko ule. Kisha akawachukua Walinzi wake, akawaweka kwenye kiganja cha Wilf, akavifunga vidole vya Wilf juu yao kimoja kimoja.

Desmond yuko Kanada sasa, anapaka kasi ileile. Wale Walinzi wako sebuleni kwa Wilf, juu ya rafu, wametazama ukutani ili migongo ionekane. Glenda akifuta vumbi huwageuza mbele kama watu wenye adabu zao, naye Wilf akipita huwageuza tena.