Ufagio wa Gari la Mwisho

Venant hakuwa mtu wa kunyamaza palipo na nafasi ya kumtania mtu. Msibani alitania, kanisani alitania, na siku aliyovunjwa mguu na dume lake mwenyewe la ng'ombe aliwaambia wauguzi wasimlaumu mnyama: yeye ndiye aliyesimama njiani bila taa za nyuma. Dunia ilikuwa imempiga sana, naye alikuwa amezoea kuicheka kabla haijainua mkono tena. Kwa hiyo alipokabidhiwa gari la mwisho katika mashindano ya baiskeli ya Magu hadi Mwanza, hakuna aliyeshangaa kumwona asubuhi ile akitoka sokoni na ufagio mpya.

Gari la mwisho lina heshima yake, ingawa ni heshima ya mkia. Mbele hutangulia pikipiki za polisi. Wanafuata waendesha baiskeli wenyewe, wale wa kulipwa kutoka Arusha, Kenya na Rwanda, na magari ya timu zao yenye baiskeli za akiba juu ya paa na mafundi waliotoa nusu ya mwili dirishani. Nyuma yao wanajikongoja wenyeji walioruhusiwa kushiriki kwa baiskeli yoyote ile. Na nyuma ya wote, taratibu kama mgonjwa anayetoka hospitali, linakuja gari la kuwaokota waliochoka. Sheria yake ni moja: halimpiti aliye mashindanoni. Likikupita, umekwisha. Unavuliwa namba, unapandishwa nyuma na baiskeli yako, na barabara inafunguliwa kwa malori.

Kwenye televisheni ya baa Venant alikuwa ameona Wazungu wakifunga ufagio kwenye gari kama hilo, akacheka mpaka bia ikamtoka puani. Sasa akaufunga wa kwake nyuma ya pikapu kwa mipira ya tairi, kichwa chini, nyasi zake zikigusa lami.

"Leo tunazoa taka," alimwambia Zadok.

Zadok alikuwa fundi baiskeli kutoka Musoma, kijana mwenye maneno machache. Alipangiwa kukaa naye na kuwazibia pancha watu wa nyuma. "Taka gani, mzee? Si na Queen yumo humo?"

"Huyo ndiye taka ya kwanza."

Mdomo tu huo. Queen alikuwa bintiye wa mwisho, na gari lile Venant alikuwa ameliomba mwenyewe kwa ajili yake. Msichana alikuwa amefanya mazoezi tangu mvua za mwaka juzi, juu ya baiskeli ya mtumba, kila siku kabla ya kwenda shambani. Waandaaji walikuwa wameahidi kwamba mwenyeji yeyote atakayevuka mstari, hata awe wa mwisho, atachukuliwa kwenye kambi ya mazoezi ya kanda pale Nyegezi. Queen hakutaka kushinda. Alitaka kufika. Na baba yake alitaka awe nyuma yake amwone anavyofika.

Walipovuka daraja la Simiyu jua lilikuwa limekwisha panda. Barabara nzima ilikuwa sherehe. Watu walijipanga pande zote mbili, ngoma zinalia, kina mama wameshika mabeseni ya maji ya kuwamwagia waendeshaji. "Kanyaga! Kanyaga, usitazame nyuma!" Venant aliwasikia kwa mbele, kelele zikienda kama moto wa nyika. Lakini pikapu ilipowafikia, zilizimika. Ngoma ilinyamaza. Wanawake waligeuka wakaipa barabara mgongo, na wenye watoto wakawafunika nyuso kwa kanga.

"Wameiona sura yako," alisema Zadok.

"Ingekuwa sura wangekimbia. Hawa wamenuna kwa sababu sherehe imekwisha."

Kijiji kilichofuata ikawa vilevile. Kelele, kisha gari, kisha migongo. Migongo mitupu, mstari mrefu, kama watu wanaongoja ruhusa ya kugeuka. Venant alipiga honi kwa mbwembwe. Hakuna aliyetikisika.

Wa mwisho wakati huo alikuwa Shigela, muuza maziwa wa Nyanguge, mwanamume mnene juu ya baiskeli nyeusi ya mizigo ambayo hata keria hakuing'oa. Alikuwa mtani wa Venant wa siku nyingi.

"We mzee, usinipumulie kisogoni!"

"Nakusukuma kwa huruma. Ukitaka kupanda, sema. Nina nafasi ya mtu mmoja na tumbo lake."

"Nipande na ufagio? Mimi si vumbi!" Shigela akacheka, na papo hapo gurudumu la nyuma likatoa upepo.

Zadok alishuka, akatoa tyubu, akaziba, akajaza, mikono ikawa myeusi hadi vifundoni. Shigela alimshukuru, akapanda, akaondoka akiimba. Mbele yake, mbali kidogo, alionekana Queen katika jezi yake ya kijani. Barabara ilipinda ikazunguka rundo la mawe makubwa, Shigela akaingia kwenye kona, na pikapu ikamfuata.

Upande wa pili wa mawe hakuwepo.

Hapakuwa na pa kwenda. Kulia majaruba ya mpunga yaliyokwisha vunwa, kushoto majaruba, na kwa mbali ziwa, tambarare, limetulia kama sahani. Barabara ilinyooka mbele, na juu yake palikuwa na mtu mmoja tu, mwenye jezi ya kijani.

Venant alisimamisha gari. "Kaenda wapi?"

"Nani?"

"Shigela."

"Shigela nani, mzee?"

Venant alimtazama, akimngoja aanze kucheka. Zadok hakuwa akicheka. "Huyu uliyemzibia pancha sasa hivi! Hebu tazama mikono yako."

Zadok aliinua mikono, akaitazama yote miwili, mbele na nyuma. Kitu kilimpita usoni. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

Nyanguge walikuta migongo mingi zaidi. Venant aliteremka, akamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na chai. Jina lake Sabina, na Venant alimfahamu tangu siku alizokuwa yeye akipakia pamba hapo.

"Mama Sabina, Shigela amepita?"

"Shigela yupi?" Aliuliza bila kugeuka.

"Muuza maziwa wenu."

"Sisi hapa hatuna muuza maziwa."

Mbele yake jikoni sufuria ilikuwa inachemka, chai nyeupe ya maziwa, na pembeni dumu la njano lililoandikwa herufi S kwa rangi nyekundu. Venant alinyoosha kidole. "Na hayo kaleta nani asubuhi?"

Sabina alilitazama dumu. Midomo yake ilicheza kama mtu anayetafuta jina la wimbo. Kisha akalifunika kwa upande wa kanga yake, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya ukali wa mtu aliyeogopa.

"Baba Queen, wewe ulilelewa na nani? Kwenu mtu akisafiri mnafagia kabla hajafika?"

Ndipo yote yakamwingia kifuani kwa mkupuo. Baba yake alipokwenda minadani na ng'ombe, uani hapakuguswa. Kuku walichafua, majani yalianguka, na mama alikaa na ule uchafu siku zote hizo, kwani anayefagia nyuma ya msafiri anafuta nyayo zake, na asiye na nyayo harudi. Hakuna mtoto wa pale asiyelijua hilo. Venant alilijua kabla hajajua kuhesabu. Ila alikuwa ameliona jambo hili kwenye televisheni, limevaa nguo za ugenini, akalipokea kama mzaha mpya, asilitambue.

Alirudi garini mbio, akiuburuta mguu mbovu. Alikata mipira kwa kisu, akautupa ufagio mtaroni. Nyasi zake, zilizoburutwa tangu Magu, hazikuwa zimelika hata kidogo. Zilikuwa mbichi na zenye unyevu, kama zimekatwa sasa hivi.

Watazamaji hawakugeuka.

"Twende," alisema, akakanyaga mafuta hadi alipomwona tena Queen, mbele, akipanda kilima kuelekea Kisesa. Alipumua. Jezi ya kijani. Mabega yale yale ya bibi yake. Alitafuta utani wa kujipoza nao, akaupata: "Zadok, mtazame mchumba wako anavyonyonga baiskeli. Ukimwoa utakuwa unafukuzia chakula cha mchana."

Zadok alikuwa ametaniwa kuhusu Queen wiki nzima. Sasa aliinama kwenye kioo, akakaza macho.

"Ni wa timu gani yule dada?"

Venant alimgeukia.

"Yule ni Queen. Mwanangu."

"Ahaa," Zadok alisema kwa adabu, kama unavyomwitikia mzee aliyechanganyikiwa. "Sikujua kama una binti, mzee."

Juu ya kilima watu walikuwa wengi, mabeseni mkononi. Queen aliwapita, na hakuna aliyemmwagia maji. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wakitazama barabara kama barabara tupu, na walipoiona pikapu wakaanza, mmoja mmoja, kugeuza migongo. Jezi ile mbele yake ilikuwa imepauka. Venant alipepesa macho, na kila alipoyafumbua aliona zaidi lami iliyo upande wa pili wa msichana, ufa wake na mstari wake mweupe. Ufagio ulikuwa umeachwa Nyanguge, lakini aliyefagia, yeye Venant, bado alikuwa nyuma ya binti, anakuja.

Mbele kulikuwa na kona na mawe.

Angeweza kusimama. Lakini kwa Shigela alisimama, tena kwa muda mrefu, hadi pancha ikazibwa, na haikusaidia. Kitu kimoja tu alikuwa hajakifanya. Aliye nyuma yako huwezi kumfagia. Na kumweka nyuma yake ilikuwa ni kumpita, na kumpita ilikuwa ni kumfuta kambini, Nyegezi, mazoezi yote yale ya alfajiri, kwa mikono yake mwenyewe na mbele ya watu.

Alikanyaga.

"Mzee! Sheria!" Zadok alipiga kelele.

Pikapu ilinguruma ikaingia upande wa pili wa barabara. Kwa kitambo ilikuwa sambamba naye, na Venant hakuthubutu kutazama kando, akiogopa kuona kiti na magurudumu yanayokwenda yenyewe. Kisha ikampita. Akakunja usukani, akasimama katikati ya njia kabla ya mawe, akafumba macho.

Ngumi iligonga bodi nyuma.

"Baba! Una wazimu? Baba!"

"Queen huyo!" Zadok alikuwa ameshika kichwa. "Mzee, umempita Queen! Umemtoa mtoto wako mwenyewe!"

Nyuma yao watu walipiga yowe, wakiwa wamegeuka sasa, nyuso zote wazi, wanamzomea dereva. Maji yalimwagika kutoka kwenye mabeseni. Queen alikuja dirishani, jasho na machozi, jezi yake kijani kibichi kama jani la muhogo, akamwambia baba yake maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia baba. Kwamba amemharibia. Kwamba alijua tangu zamani anamwona mzaha. Kwamba asimwite tena mwanangu. Venant aliyapokea yote, anatikisa kichwa, anacheka na kulia, na alipotulia kidogo akamwomba aendelee kumsema.

Polisi mmoja wa pikipiki alirudi kutoka mbele, akamvua namba. Malori yakaanza kuunguruma chini ya kilima.

Baiskeli ilipakiwa. Queen akakaa mbele, kati yao, uso ameugeuzia kwa Zadok ili asimwone baba yake. Venant hakuwasha gari kuelekea Mwanza. Aligeuza.

"Unakwenda wapi tena?" Queen aliuliza, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida.

"Kuna mtu nimemwacha njiani. Hutamjua."

"Nani?"

"Basi tu."

"Ni Shigela?"

Venant alikanyaga breki ghafla, kichwa cha Zadok nusura kigonge kioo.

"Yule mnene, wa baiskeli ya mizigo," Queen alisema, akishangaa wanavyomtazama. "Si alikuwa nyuma yangu? Tena alikuwa anaimba. Nilikuwa namsikia mpaka muda mfupi uliopita, nyuma tu hapa, karibu kabisa na sikio, nikawa najiuliza mbona hanipiti."

Zadok alimtazama binti, akamtazama mzee, kisha akashusha kioo cha upande wake.

Waliteremka kilima polepole, taa zimewashwa mchana kweupe, malori yakiwapigia honi. Watazamaji walikuwa wanakunja mikeka na kuita mbuzi wao. Queen alijinyoosha mbele ya Zadok, akatoa kichwa nje kwanza. Alikuwa bado hajamsamehe baba yake. Aliita jina, kwa sauti kubwa, upande wa majaruba, na Venant akaita upande wa ziwa.