Jicho la Kupimia

Ilikuwa Jumatano asubuhi Ornella Tacconi alipouona uzi wa timazi umepinda.

Timazi haipindi, ndiyo kazi yake duniani. Ni uzi mweusi wenye kipande cha risasi mwishoni. Ukiushika juu unaning'inia wima, na kila mchoraji wa ng'ambo ile ya mto Arno anayechora watu kama walivyochorwa miaka mia nne iliyopita anao wake. Ornella alikuwa na timazi tangu ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na saba, amesimama kwenye alama yake ya chaki sakafuni, mkono umenyooka mbele, jicho la kulia amelifumba, akimpima Mzee Nello aliyekaa kitini kando ya turubai ya picha yake. Na pale uzi ulipopita juu ya pua ya mzee, ulikuwa na kibiongo.

Akaushusha, akaupangusa, akauinua tena. Kibiongo kilikuwa palepale.

"Mbona umeganda?" akauliza Mzee Nello bila kugeuza kichwa. Alikuwa muuza nyama mstaafu, na picha hii ilikuwa zawadi ya binti zake watatu. "Kama pua imekua tangu jana usinilaumu mimi. Mlaumu marehemu mama yangu."

"Fumba mdomo, mzee. Ndio ninaouchora."

Hakuwa anachora mdomo. Alisema vile kwa sababu sauti yake ilitaka kutetemeka, na amri husaidia kuikaza. Akafumba jicho la kushoto, akafumbua la kulia. Uzi ukanyooka. Akarudia la kushoto, uzi ukapinda, na safari hii akaona pia doa la moshi katikati ya uso wa mzee, kama mtu aliyepakwa masizi kwa kidole.

La kushoto ndilo jicho lake la kupimia. Mchoraji hupima kwa jicho moja tu, maana macho mawili hubishana, na Ornella amepima kwa la kushoto maisha yake yote. Lilianza lini kumdanganya? Akahesabu siku kurudi nyuma, na hesabu ikamfikisha kwa Benedetta.

Benedetta Lotti alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu. Miezi mitano nzima alikuwa akichora kwa makaa kichwa kimoja cha plasta, ndivyo wanavyofundishwa kwenye shule yake, kichwa kimoja mpaka kikushinde au ukishinde wewe. Kila Ijumaa mwalimu hupita. Atakachosema kimekosewa kinafutwa, na mwanafunzi habishi. Ornella naye hakumbishia mwalimu wake, wala mwalimu wake hakumbishia wa kwake. Ijumaa mbili zilizopita alisimama nyuma ya Benedetta, akafumba jicho la kulia, akasema pua imeinama. Binti akatazama mchoro, akatazama plasta, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akakanda tonge la mkate laini, ndicho kifutio cha makaa, na kuifuta pua yote.

Mchana Ornella alibisha hodi karakana ya jirani, kwa Settimio, mchongaji, rafiki yake wa miaka thelathini. Alimkuta anakula mkate wa utumbo wa ng'ombe mbele ya mtu wa udongo asiye na kichwa. Akamweleza yote.

"Nenda kwa daktari leo," Settimio akasema. "Sio kesho."

"Nikimaliza picha ya Mzee Nello. Vimebaki vikao vinane."

"Vikao vinane! We mama, jicho sio soli ya kiatu uivae mpaka itoboke."

"Sema tu wewe. Wewe ukipofuka utapapasa udongo wako. Mimi nitapapasa nini, rangi?"

Settimio akaweka mkate chini. "Na yule binti aliyefuta, anajua?"

"Hajui."

"Basi niambie ukweli, dada. Unamwogopa daktari au unamwogopa yule binti?"

Ornella aliwaogopa wote wawili. Daktari angetamka neno, na neno likishatamkwa halirudi kooni. Binti angelipeleka neno hilohilo kwa wenzake kumi na wawili, na nani tena angefuta hata unywele kwa kauli ya mwalimu mwenye jicho bovu? Hana mume, hana mtoto, hana jingine analolijua. Ana jicho.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Ornella aliyaficha siku kumi na tisa. Alihamia jicho la kulia kimyakimya. Kwa jicho hilo alimtazama Mzee Nello wa turubai, akaona shavu limeshuka na kope imepotoka, akayarekebisha yote kikao baada ya kikao na kuanza kupumua. Ijumaa ilipofika akatazama pua mpya ya plasta aliyoichora Benedetta, na jicho la kulia likamwambia kwamba hii ndiyo iliyoinama.

"Vizuri," akasema. "Endelea."

Akapita kwa kila mmoja na "vizuri, endelea" yake. Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu huyu hakuwahi kumsifu mtu, na sifa zile ziliwatia hofu kuliko makaripio.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alisimama bafuni akitazama mistari kati ya vigae. Kwa jicho la kushoto kibiongo kilinenepa, kisha kikawa shimo. Jirani akimsalimia ngazini, Ornella akijaribu kumwona kwa jicho hilo peke yake, aliona nywele, aliona kola ya shati, na katikati hapakuwa na mtu. Siku moja alijijaribu mbele ya kioo, na hakurudia.

Jumatatu ya wiki ya tatu, jicho la kulia likiwa wazi, mstari wa kigae karibu na bomba ulikuwa umelegea kidogo. Ornella akaketi ukingoni mwa bafu na kulishika sinki kwa mikono miwili, kama kwamba nyumba ingeondoka. Alipoweza kusimama alimpigia Settimio simu, na Settimio akaja na pikipiki bila kuuliza neno.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole ule ulimtisha. "Damu inavuja nyuma ya jicho," akasema. "La kushoto, pale katikati hapatarudi. La kulia tutajaribu. Sindano kila mwezi."

"Sindano wapi?"

"Ndani ya jicho, mama."

"Lakini hili la kulia limeanza leo tu. Leo asubuhi."

"Hapana. Lina wiki kadhaa. Lilianza pole pole, hukulishtukia. Lile la kushoto ulilishtukia lini?"

Ornella akamwambia. Daktari akaacha kuandika.

"Siku kumi na tisa?" akasema.

Njiani Ornella hakuwa anafikiria sindano. Alifikiria shavu alilolipandisha, kope aliyoinyoosha, yote aliyoyatengeneza kwa jicho aliloliamini.

Kesho yake alimkuta Benedetta peke yake kwenye chumba cha plasta.

"Ile pua niliyokwambia imeinama," akasema. "Haikuinama. Jicho langu linaumwa. Ulikuwa umeipatia."

Benedetta akajifuta makaa vidoleni, kimoja kimoja. "Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua?"

"Niliipima mara nne."

"Sasa ukafuta kwa nini?"

"Si ulisema wewe."

Ornella akatafuta kiti. "Na wengine? Kuna mwingine niliyemwambia hivyo?"

"Karibu wote, tangu Pasaka." Binti alikuwa ananong'ona. "Hatukuambizana. Kila mtu alidhani macho yake ndiyo mabovu. Livia ameshawaandikia kwao kwamba anaacha."

Ornella alikuwa ameogopa wasingemwamini. Hili la kuaminiwa hivi hakuwahi kuliogopa mpaka sasa. Akainuka.

"Njoo karakanani kwangu. Mzee Nello ameshafika."

Pale kwake alimwonyesha Benedetta alama ya chaki. Binti akasita, hakuna mwanafunzi aliyewahi kukanyaga alama ya mwalimu. Mwishowe akasimama, akanyoosha mkono, akafumba jicho moja. Akapima muda mrefu sana.

"Sema," Ornella akamwambia.

"Mwalimu, labda mimi..."

"Usianze na labda. Zile labda zako ndizo zilizotufikisha hapa. Sema unachokiona."

"Upande wa kushoto wote," Benedetta akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Jicho, shavu, mpaka pembe ya mdomo. Sio yeye."

"Mnanisengenya mbele yangu," Mzee Nello akasema kutoka kitini. "Niko hapa, nasikia. Kwani nimefanya nini?"

Ornella akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akaisogelea turubai. "Weka kidole pa kuanzia," akasema.

Benedetta akaweka kidole chini ya jicho la mzee. Ornella akatazama pale kwa jicho lake lililobaki. Aliona shavu lililokaa sawasawa, lenye uzito wake na damu yake, uso mzuri kuliko wowote aliowahi kuuchora. Akakwangua.