Herufi za Kutia Kinyaa

Brashi aliisogeza simu ya mkewe mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza tena. Kwenye kioo zilikuwa herufi sita, zimepinda, zimelaliana, na juu yake umepita mstari wa kijivu. Chini pameandikwa: thibitisha kwamba wewe si roboti.

"Aliyechora hivi hakufundwa," alisema, akasonya.

Miaka thelathini na minne alikuwa mchora mabango. Hospitali mpya ilitafuta mtu wa kuandika milango yake yote mia na ishirini kwa mkono, na kujiandikisha kungefungwa saa sita mchana. Kazi ya namna hiyo hakuwa ameiona tangu mashine za kuchapa mabango ziingie mjini zikamwacha akipiga miayo. Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na njia imezibwa na takataka hii.

Akaandika alivyoona. Umekosea, jaribu tena. Zikaja nyingine, mbaya zaidi. Moja imevimba tumbo, nyingine imelala chali kama mlevi mtaroni. Ule mstari aliuhesabu kila mara kuwa sehemu ya herufi, kwa sababu katika kazi yake hakuna mstari unaopigwa bure. Akakosea mara ya saba. Alisikia kinyaa hasa, kile cha kukuta unywele kwenye chakula. Yeye aliyewahi kufuta neno zima kwa sababu ya tone moja la rangi, leo mashine inamuuliza kama ni mtu.

Mkewe, ambaye ni dobi, aliingia na beseni la nguo kiunoni. Akalitua, akafuta mikono, akaichukua simu. Akabonyeza mara sita. Fomu ikafunguka.

"Umesomaje?"

"Nimesoma tu, baba watoto. Huo mstari ni doa. Mimi naangalia nguo."

"Herufi zenyewe zimepinda."

"Zimepinda, lakini zinasomeka." Akasita, kisha akaona heri aseme. "Zina nafuu kuliko za bango letu."

Bango hilo lilikuwa mlangoni, la kazi ya udobi ya mkewe. Brashi alilichora mwaka jana, na tangu hapo hakuchora lingine.

"Wateja wanacheka," mkewe alisema taratibu. "Nilinyamaza. Siku ile ulikuwa na furaha mno."

Brashi alitoka nje, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Herufi zilikuwa zimelaliana. Moja ilivimba tumbo. Kinyaa kikampanda upya, na safari hii hakikuwa na mtu wa kumlaumu ila yeye na macho yake. Aliona aibu.

Aliporudi ndani, zilibaki dakika kumi.

"Nisomee. Wanataka nini tena?"

Mkewe alikitazama kioo muda mrefu kuliko alivyotazama zile herufi sita.

"Picha ya kazi yako ya karibuni."

Brashi aliichukua simu mkononi mwa mkewe, akailaza kifudifudi juu ya meza, akaenda uani kuleta nyundo ya kuling'olea bango.