Neno Zito Chini ya Mawese

Usingizi unamchukua Bukuru adhuhuri, ameegemea shina la mchikichi, upawa mkononi, mbele ya pipa la mawese lililokwisha kuchemka. Anangoja mafuta yapande juu ayaengue, kama mama yao alivyowafundisha yeye na pacha wake Butoyi, na katika kungoja huko macho yanalemewa, pipa linapanuka, ukingo wake unakuwa kizingiti, naye anakivuka bila kushangaa. Ng'ambo kuna barabara. Si ya udongo. Ni maji matupu yaliyotandwa mafuta, utando mwembamba usioweza kuwa mwembamba zaidi, unaong'aa zambarau na kijani, unaobonyea chini ya nyayo zake wala haupasuki. Barabara inazaa barabara, na hiyo nyingine, na zote zinamrudisha palepale. Chini ya utando upo mji mzima uliopinduka, mapaa yakitazama vilindini, watu wakitembea kichwa chini, wayo kwa wayo na wanaopita huku juu. Mtu anaandamana naye, hajui katokea wapi, uso wake laini kama mgongo wa upawa, hauna jicho wala mdomo. Hapa ni wapi? anauliza Bukuru. Ni mahali viwili vinapogusana visichanganyike, anajibu yule. Nimekuja kufanya nini? Ulichokizamisha kinapanda chenyewe, umekuja kukiengua.

Bukuru anatazama chini, na wayo uliogusana na wake ni wa Butoyi. Miaka sita hawajasemeshana, tangu msiba wa mama yao, Butoyi alipofika kutoka Uvinza siku moja baada ya maziko, na Bukuru akamwambia mbele ya waombolezaji: mtoto gani huyu anayefika kaburi limekwisha kukauka? Butoyi aligeuza akarudi Uvinza siku ileile. Sasa Bukuru anamwita, pacha wangu, mbona hukurudi tena? Maneno yanaanguka juu ya mafuta, yanakuwa vitone, vitone vinatafutana, vinaungana, vinarudi miguuni pake. Ulinitupa! anapaza sauti, na hayo nayo yanarudi. Anashika upawa, anakoroga kwa nguvu zote. Utando unavunjika vijicho elfu vya mafuta, vidole vya Butoyi vinakaribia, kisha vijicho vinasogeleana kimoja kimoja na kufunga njia. Vitachanganyika maadamu unakoroga, anasema asiye na uso, na mkono huchoka. Maneno yako mepesi, ndiyo maana yanaelea. Huna zito?

Analo. Hasikii uchungu, ila uchovu tu, kama wa mtu aliyebeba kuni mwendo mrefu na hakumbuki alizitoa wapi. Anapiga magoti. Sikukuita, anasema. Mama aliugua siku tisa, kila siku akikutaja, nami nikimdanganya kwamba nimekwisha kukupelekea habari. Sikutuma mtu. Nilitaka aniage mimi peke yangu. Neno hilo halielei. Linazama kama jiwe, na pale lilipopita utando unaacha tundu lisilofunga, na katika tundu unapanda mkono, wa moto, unamshika wake.

Bukuru! Anafumbua macho. Mama Levina, jirani yake, amesimama na kapu kichwani, na ndani ya pipa mawese yamekwisha kupanda, mekundu, yametulia. Kumbe pacha wako kaja, anasema Mama Levina. Nani? Butoyi, nani mwingine. Nimepishana naye hapo mteremkoni, akijifuta machozi kwa kanga. Kasema leo umemweleza yote. Kasema hajui kama ataweza kukusamehe. Bukuru anatazama kiganja chake. Alikuwa amelala, ana hakika alikuwa amelala. Ameelekea wapi? anauliza. Stesheni, anajibu Mama Levina, na ukichelewa treni itamchukua. Bukuru anauangusha upawa, anakimbia kuelekea mteremkoni, na njia nzima hathubutu kutazama chini aone anakanyaga nini.