Nyumba ya Rangi ya Kwaresima

"Na ile nyumba ya zambarau," aliuliza mama wa Kiholanzi, "ni ya nani?"

Aniello Scotto alikuwa ameketi nyuma ya mashua yake, mkono kwenye usukani, na hakuinua hata uso. "Zambarau haipo bandarini kwetu, mama. Kuna za waridi, kuna za njano, kuna za samawati, chagua utakayo. Nyekundu iko moja tu, na hiyo ni yangu."

"Nasema ile iliyo juu ya ngazi. Yenye matao mawili. Kushoto kwake kuna ya njano."

Aniello akacheka kile kicheko chake cha kazini, anachowachekea wageni wote. "Basi umeiona. Ndiyo hiyo. Nimeipaka mwenyewe kwa mkono wangu kabla ya Pasaka."

Mama yule alikuwa mwalimu, na kwao walimu hawaachi jambo likapita hivi hivi. Akamtazama mumewe ili amsaidie, lakini mumewe alikuwa amekwisha kuwapa samaki chai yake ya asubuhi na sasa alikuwa amefumba macho, anangoja nchi kavu. Mama akainua simu yake, akapiga picha, akaisogeza karibu kabisa na pua ya Aniello.

"Mzee," alisema taratibu, "hii ni zambarau."

Aniello aliitazama ile simu. Aliona mwanga, na ndani ya mwanga aliona kitu kama ukuta. Akapunguza mashine, na mashua ikabaki ikielea katikati ya bandari.

Ngoja nieleze, maana sisi wa bandarini tumo ndani ya aibu hii wote, hata mimi.

Ile nyumba ya kina Scotto haipakwi kwa kupenda. Nje ya mlango wa bandari kuna mwamba uliozama, tunauita Jino, na tangu babu zetu mtu anayerudi kutoka baharini anatafuta kuba la njano la kanisa, analiweka kwa macho juu kabisa ya ile nyumba nyekundu, halafu anaingia moja kwa moja. Ukifanya hivyo, Jino linabaki kuliani kwako na hulisikii. Wengine tunapaka nyumba zetu tunavyotaka, tukigombana na wake zetu basi yameisha. Mwenye nyumba ile haulizwi anapenda rangi gani. Ni nyekundu. Baba yake Aniello aliipaka nyekundu, na babu yake pia, kwa udongo mwekundu na chokaa, wakikoroga kwenye ndoo kwa kukisia kwa macho.

Sasa, majira ya baridi yaliyopita tulikuwa na mkutano wa wenye mashua, na nafasi ya kwanza ya kupakia watalii, ile iliyo mbele ya ngazi, tulimpa shemeji yake, Biagio. Aniello aliitaka sana. Alisimama, akapiga kiti teke, akasema, "Mtanikumbuka nyinyi!" Akatoka bila kofia yake.

Halafu mkewe Nunziata akaenda Genova kumlea binti yao aliyejifungua. Na wiki ile kabla ya Pasaka, Aniello akapanda ngazi na ndoo zake, akapaka nyumba kwa siku nne. Alipomaliza tulitoka wote kutazama. Ilikuwa zambarau. Si ya kubahatisha, zambarau kamili, kama joho la padri wakati wa Kwaresima.

Hatukumwuliza kitu. Ungemwuliza nini mtu aliyetuapia mbele ya kila mtu? Tulijua ametufanyia kusudi, basi tukamnunia. Hakuna aliyemshikia kamba alipofika gatini. Akiingia kunywa kahawa, mazungumzo yanakatika. Nyumba tukaipa jina la Kwaresima, tukalitaja akiwa mbali tu. Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mwembamba. Biagio alikuwa anarudi na nyavu, macho yake yenye mazoea ya miaka arobaini yakatafuta chekundu, yakakiona kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa imepakwa rangi ya tofali, akaweka kuba juu yake, akaingia. Jino likamkwangua mkuku, ule mti wa chini ya mashua, kutoka mbele hadi nyuma. Alinusurika yeye na mashua, lakini siku ile maneno aliyoyasema kuhusu mume wa dada yake siwezi kuyaandika.

Dada mtu hakuambiwa. Ana mjukuu mchanga, tulisema, asiletewe fujo.

Na Aniello? Yeye alikuwa akifikiri mambo mengine kabisa. Baba yake alipofuka akiwa na miaka sitini, akakaa kwenye kiti mlangoni miaka kumi na moja, uso umeelekea bahari asiyoiona, akiulizia kila mashua iliyopita ni ya nani. Aniello ana sitini na mbili. Miaka miwili sasa dunia ilikuwa imemwingia moshi. Taa zilikuwa na manyoya, nyuso za watu zilikuwa sauti tu. Hakwenda kwa daktari, kwa sababu alijua daktari atamwambia nini, na alitaka angalau miezi michache zaidi ya kutoambiwa. Bandarini aliingia kwa mazoea, kwa kusikia maji yanavyopiga Jino na mlio wa mashine unavyorudi kutoka kwenye kuta. Watalii aliwatembeza kwenye bandari iliyomo kichwani mwake, iliyopakwa rangi za zamani, na watalii wanaitikia chochote. Tulipoanza kumpa mgongo alidhani tumeshagundua. Alidhani tunamwepuka jinsi watu wanavyomwepuka mtu ambaye habari yake mbaya wameipata kabla yake. Akanyamaza, akazidi kunyamaza.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, yeye na sisi, wiki tatu nzima, kila mtu na ujinga wake.

Aliwarudisha Waholanzi gatini. Mama yule alimshika bega akamwambia pole, na hilo neno likamchoma zaidi kuliko zambarau yenyewe. Kisha Aniello akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akaenda moja kwa moja hadi pale Biagio alipokuwa amepindua mashua yake, akipaka lami kwenye mkuku.

"Shemeji."

Biagio hakugeuka. "Sikujui."

"Nyumba yangu ina rangi gani?"

"We mzee, usinichezee leo. Nina brashi ya lami mkononi, nitakupaka nayo."

"Nakuuliza kama mtu, Biagio. Ina rangi gani?"

Biagio akageuka, uso umeiva kwa hasira. "Ina rangi ya roho yako! Zambarau! Umetuapia, ukatutekelezea. Ningekuwa ndani ya maji sasa hivi, mkeo anavaa nyeusi kwa ajili ya kaka yake, nawe umekaa juu kule kwenye Kwaresima yako unatucheka!"

"Mimi nimepaka nyekundu."

"Nyekundu!"

"Nilikoroga udongo, nikaona umekaa manjano sana, umechakaa. Nikaongeza bluu kidogo kuupoza. Bado njano. Nikaongeza tena." Akakoroga hewani kwa mkono. "Nikaongeza mpaka ikawa nyekundu ya baba."

Sisi tuliokuwa karibu tuliacha kazi. Biagio alimtazama. Halafu akaokota sifongo la bluu la kusafishia mashua, akalinyanyua.

"Hili rangi gani?"

"Kijani. Cha majani makavu hivi."

Akavua kitambaa cheupe shingoni. "Na hiki?"

"Njano. Na ukifue, kichafu."

"Na mimi hapa nimenyoa au sijanyoa?"

Aniello akamsogelea karibu. "Shemeji," alisema, "mimi sijauona uso wako tangu mwaka juzi."

Biagio akakaa chini kwenye mawe ya gati, na brashi yake na lami yake, suruali ikaharibika hapo hapo. "Mama Maria," alisema. "Mama Maria mwenye huruma. Sisi tulidhani kusudi."

"Na mimi nilidhani mmejua kwamba napofuka."

"Nani ajue! Unaendesha hiyo mashua kama shetani!"

Hapo ndipo Biagio alipoanza kucheka, na alikuwa analia papo hapo, na sisi wote na upumbavu wetu tukasogea. Mmoja akaleta kiti. Mwingine akaleta kahawa. Mwanamke wa duka la mkate akaanza kumfokea Aniello kwa kunyamaza, kisha akatufokea sisi kwa kununa, kisha akashindwa amfokee nani, akaingia ndani akatoka na maandazi ya krimu ya limau. Aniello alikula mawili. Alisema hajala kitu chenye ladha tangu Pasaka. Mimi niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka, mabega ambayo wiki zote zile yalikuwa yamemkaa masikioni, na mpaka leo naona haya ninapokumbuka.

"Kesho tunavuka kwenda hospitali ya bara," Biagio akasema.

"Siendi. Najua watakachosema. Ni ugonjwa wa baba."

"Kwani wewe daktari? Ungekuwa daktari ungejua zambarau. Kesho saa moja, na ukichelewa nakuja kukubeba na pajama zako."

Wakavuka na feri ya saa moja. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya baridi. Alimwinamisha Aniello kwenye mashine, akammulika jicho moja, akammulika la pili, akapima hiki na kile. Biagio alisimama nyuma akiwa ameshika kofia mbili, yake na ya shemeji yake. Aniello alikuwa ameshika kingo za kiti. Baadaye alinambia kwamba pale kwenye kiti alikuwa akijizoeza: alikuwa anajaribu kukumbuka njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua ngapi.

"Mtoto wa jicho," alisema daktari. "Macho yote mawili. Na amekomaa kweli; huanza kwa kugeuza kila kitu manjano, pengine miaka kabla hujaona ukungu, sijui ulikuwa unangoja nini."

"Baba yangu..."

"Nimepima unachokiogopa. Huna. Presha ya macho ni ya kawaida, mshipa wa jicho ni mzima. Huyu tunamtoa, tunaweka kioo kidogo, ni kama dakika ishirini. Jicho moja, halafu la pili."

"Mwambie tena," Biagio akasema. "Mwambie tena, daktari, huyu kichwa chake kigumu."

Daktari akarudia. Aniello akauliza, "Kwa hiyo sipofuki?"

"Hupofuki, baba."

Walitoka nje. Walinunua dagaa wa kukaanga kwenye karatasi, wakakaa ukingoni mwa bandari ya upande ule, wakala wote na kulamba chumvi. Aniello akanunua tena. Watu waliokuwa wanapita wakaona wazee wawili wanakula huku machozi yanawatoka, mmoja ana lami kwenye suruali.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji wiki mbili baadaye, la pili mwezi mmoja baada ya hapo. Siku bandeji ya kwanza ilipotoka, Biagio alimleta kwa mashua yake mwenyewe, na sisi tulikuwa gatini tunangoja kama watu wanaongoja harusi. Nyumba hatukuigusa. Tulikubaliana mtu aone kazi ya mikono yake. Walipofika kwenye mlango wa bandari tulimwona Aniello akisimama, akaweka mikono yote miwili kichwani, na sauti ikatufikia juu ya maji:

"Jamani! Jamani, ni mimi niliyefanya vile?"

Tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Kesho yake akakoroga upya, yeye mwenyewe, hakukubali mtu aguse ndoo, ingawa tulisimama kumi nyuma yake, kila mmoja na maoni. Siku tatu, nyumba ikawa nyekundu. Mashua zikaingia.

Nunziata hakuambiwa neno. Kwenye simu Aniello alisema mambo ya mtoto tu, analala, analia, ana meno? Alisema hayo mengine atamweleza uso kwa uso.

Alirudi Jumamosi moja ya Juni na feri ya saa nne. Aniello alifika gatini saa mbili, amevaa shati la kanisani. Watu walishuka wengi, watalii na mizigo na vibaiskeli, naye akawatazama mmoja mmoja, kwa uroho, maana sasa alikuwa anaona mpaka vifungo. Mwishoni akashuka mwanamke mfupi na mkoba wa kahawia, anatembea kwa kuegemea upande wa kushoto. Alimjua kwa mwendo. Kisha akauona uso wake, na juu ya uso wake nywele.

Alipoondoka Februari zilikuwa na rangi ya asali. Kwa Aniello zilikuwa na rangi ya asali siku zote.

"Mbona umesimama kama nguzo?" Nunziata akamwambia. "Chukua mkoba, umenikata bega. Unatazama nini?"

"Nywele zako."

"Zina nini?" Mkono ukamwenda kichwani haraka. "Ni upepo wa melini."

"Ni nyeupe."

Nunziata akataka kucheka, lakini akamtazama machoni, yale macho yaliyokuwa yameoshwa, na akaona kitu ambacho hakukiacha nyumbani alipoondoka. Akaushusha mkoba chini.

"Zina miaka minne, Aniello," alisema polepole. "Wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa na habari nyingi sana za kumweleza, na zote zingengoja. Akauchukua mkoba. Nunziata akatoa kitambaa mfukoni akataka kujifunga kichwa, naye akamshika mkono.

"Usifunge."

"Watu wanatutazama."

"Waache."

Wakaanza kupanda zile ngazi ndefu za kwenda nyumbani, yeye na mkoba upande mmoja na mkewe upande wa pili, na jua limewaka juu ya kile kichwa cheupe. Alikuwa anatembea amegeuza shingo, anajikwaa kila hatua ya tatu.

"Tazama ngazi," Nunziata akamwambia. "Utaanguka."

"Sawa," Aniello akasema, na hakuzitazama.